Wiki Chache za Masada na Ubishi Tunaowanyima Watoto

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha kazi yao kuhusu Masada, ule mlima wa mawe uliosimama peke yake kando ya Bahari ya Chumvi. Hapo juu ndipo waasi wa Kiyahudi walipozingirwa na Warumi, na hadithi inasema waliuana wao kwa wao kuliko kutekwa. Kambi za Warumi hao bado zinaonekana pale chini, maana ukame wa jangwa umezihifadhi kwa karibu miaka elfu mbili. Watafiti walirusha droni juu yake, wakapima kuta, wakatengeneza taswira za kompyuta, kisha wakapiga hesabu ya kibarua: askari mmoja anabeba mawe kiasi gani kwa siku, na kazi yote ingewachukua siku ngapi. Wakafikia kwamba kambi na ukuta wa kuzingira vingeweza kumalizika kwa takriban wiki mbili, na kwamba mzingiro mzima ulikuwa wa wiki chache tu. Ilhali kwa vizazi kadhaa wageni na wanafunzi waliopandishwa mlimani humo walihadithiwa mzingiro wa miaka, mara nyingi miaka mitatu. Habari ilipoenea, ilipokelewa kwa sauti mbili. Wa kwanza akasema hadithi ya Masada imekwisha, tuache kuwadanganya watoto. Wa pili akasema wasomi wameanza tena kuwanyang'anya watoto mashujaa wao.

Mimi naona wote wawili wameng'ang'ania jambo dogo. Idadi ya wiki haigusi swali lenyewe, yaani tuwafundishe nini watoto kuhusu namna Wayahudi wa kale walivyomkabili Mrumi aliyewateka. Tatizo la Masada lilikuwapo kabla ya droni. Mlima mmoja, na usiku mmoja juu ya mlima huo, umefanywa kuwa jibu la taifa zima. Wayahudi walimjibu Mrumi kwa njia nyingi, wakagombana vikali juu ya njia hizo, kisha wakafanya jambo ambalo ni nadra kwa watu walioshindwa vitani: waliuandika ugomvi huo na kuwarithisha watoto wao. Ugomvi huo ndio somo. Mtoto anayefundishwa Masada peke yake, iwe kwa kuisifu au kwa kuibomoa, amenyimwa sehemu kubwa ya urithi huo.

Turudi nyuma. Roma iliingia Yerusalemu mwaka 63 KK, jemadari Pompey alipowakuta ndugu wawili wa nyumba ya kifalme wakigombea kiti. Aliingia mpaka Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliruhusiwa kukanyaga, tena siku moja kwa mwaka. Baadaye Seneti ya Roma ikampa Herode taji. Mwaka 6 BK Uyahudi ukawekwa moja kwa moja chini ya liwali wa Kirumi, watu wakaandikishwa kwa ajili ya kodi, na Yuda Mgalilaya, yule anayetajwa katika Matendo ya Mitume, akatangaza kwamba kumlipa Kaisari ni kukubali bwana mwingine zaidi ya Mungu. Vita vikubwa vikaanza mwaka 66. Mwaka 70 majeshi ya Titus yakauchukua mji na Hekalu likateketea. Masada ikafuata mwaka 73 au 74. Wayahudi wa Kirene, Misri na Kipro wakainuka kati ya mwaka 115 na 117, wakasagwa. Mwaka 132 Bar Kokhba akaongoza uasi wa mwisho, na ulipozimwa mwaka 135 mwanahistoria Cassius Dio aliandika kwamba vijiji 985 viliharibiwa na watu 580,000 waliuawa vitani, bila kuhesabu waliokufa kwa njaa, maradhi na moto. Hata kama tarakimu hizo zimetiwa chumvi, hapa tunazungumzia karibu miaka mia mbili ya watu kuishi chini ya kisigino cha dola, baba kwa mwana kwa mjukuu. Hakuna taifa linaloishi hivyo kwa karne mbili likiwa na wazo moja tu kichwani.

Kuhusu Masada tuna msimulizi mmoja, Josephus, naye hakuwapo. Alikuwa kuhani wa Yerusalemu, akawa kamanda wa waasi Galilaya, akajisalimisha kwa Warumi mwaka 67 mji wa Yodfat ulipoanguka, na baada ya vita akaishi Roma akitunzwa na nyumba ya Kaisari. Anasema usiku wa mwisho kiongozi Eleazari mwana wa Yairi aliwahutubia watu wake, wakakubaliana kuuana wao kwa wao kuliko kuwa watumwa, na asubuhi Warumi wakakuta ukimya na watu 960 wamekufa. Walionusurika ni wanawake wawili na watoto watano, waliojificha kwenye mfereji wa maji chini ya ardhi. Josephus huyohuyo anasimulia jambo ambalo wasifu wa Masada hulipita haraka. Watu hawa walikuwa Sicarii, watu wa majambia, na siku ya Pasaka walikuwa wameshuka Ein Gedi, kwa Wayahudi wenzao, wakapora chakula na kuua wanawake na watoto zaidi ya 700. Walimu wa Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mabishano ya marabi, hawakuacha kujadili karibu lolote lililowapata watu wao, lakini hawaitaji Masada. Ilianza kupata nguvu yake ya leo miaka ya 1920 kupitia shairi moja la Kiebrania, kisha miaka ya 1940 vijana wakawa wanapelekwa kuupanda mlima kwa miguu, kisha askari wa vifaru wa Israeli wakawa wanakula kiapo kileleni, na uchimbaji wa Yigael Yadin wa mwaka 1963 hadi 1965 ukalieneza jina hilo duniani kote.

Siwalaumu walioifufua. Mwaka 1942 majeshi ya Hitler yalikuwa yamefika Misri, na kijana wa Kiyahudi aliyepanda Masada mwaka huo alikuwa na sababu ya kutaka hadithi ya watu ambao hawakuinua mikono. Hadithi ilimfaa mtu wa saa ile. Shida huanza hadithi ya saa moja inapofanywa mtaala wa miaka themanini.

Nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka kadhaa, na mara moja tu niliwasimulia Masada watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili. Nilipomaliza nilikuwa nasubiri waseme neno juu ya ushujaa. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, wale watoto watano walikula nini kesho yake?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa Josephus hakuliandika. Lakini tangu siku ile siwezi kuisoma habari hiyo kama nilivyokuwa nikiisoma. Mimi nilikuwa kileleni nikisikiliza hotuba ya Eleazari, na yeye alikuwa gizani ndani ya mfereji, pamoja na kikongwe mmoja na mwanamke mwingine, jamaa ya Eleazari, ambaye Josephus anamsifu kwa akili na elimu. Wanawake hao walisikia yote yaliyoamuliwa, wakaamua vingine. Uamuzi wao nao ulikuwa jibu kwa Roma, na ulikuwa jibu kwa Eleazari pia. Bila wao hakuna ambaye angejua kilichotokea usiku ule.

Sasa chukua tukio jingine, la msimulizi huyohuyo, katika historia yake hiyohiyo ya vita. Pontio Pilato aliamuru askari waingie Yerusalemu usiku na bendera za kijeshi zenye sanamu za Kaisari, zikiwa zimefunikwa. Kulipokucha mji ukaziona. Watu wakashuka mpaka Kaisaria pwani, alikokaa liwali, wakamwomba aziondoe. Akakataa. Wakalala kifudifudi kuizunguka nyumba yake siku tano, usiku na mchana. Siku ya sita akawaita uwanjani kana kwamba anakwenda kuwapa jibu, kumbe ameshawapanga askari. Wakazungukwa kwa safu tatu. Akawaambia watakatwa wote wasipozikubali sanamu, na askari wakachomoa panga. Wale watu wakaanguka chini kwa pamoja kama walioagana, wakazitoa shingo zao, wakapiga kelele kwamba wako tayari kufa kuliko kuivunja Torati. Pilato akastaajabu, akaamuru bendera zirudishwe.

Mwaka 40 jambo hilo lilirudi kwa ukubwa zaidi. Caligula aliagiza sanamu yake isimamishwe ndani ya Hekalu, na Petronius, liwali wa Shamu, akashuka na jeshi kuitekeleza amri. Umati ulimkuta Tolemai, wanaume na wake zao na watoto wao, wakamfuata mpaka Tiberia. Josephus anasema walikaa hivyo siku 40 katika majira ya kupanda, na mashamba yakabaki bila mbegu. Petronius aliielewa lugha hiyo upesi: hakuna mavuno, hakuna kodi. Akaona heri ajihatarishe yeye, akamwandikia Kaisari kumwomba aachane na jambo hilo. Caligula akajibu kwa kumwamuru ajiue, lakini waliobeba barua hiyo walicheleweshwa na dhoruba baharini, na habari kwamba Caligula ameuawa ikamfikia Petronius kwanza. Mkulima asiye na jambia wala ngome alimsimamisha Kaisari kwa kuacha jembe lake nyumbani. Mara ngapi umesikia habari hii ikisimuliwa watoto? Ina hatari, ina mfalme mwovu, ina barua iliyochelewa baharini, ina kila kitu ambacho mtoto hupenda katika hadithi, na haimwachi akiota maiti usiku.

Lakini sitaki kumwondoa Eleazari nikamweka mkulima wa Galilaya mahali pake, kwa sababu hilo lingekuwa kosa lilelile kwa sura nyingine. Njia ya Kaisaria haikufaulu siku zote. Josephus anasimulia pia kwamba Pilato alipochukua fedha za Hekalu kujenga mfereji wa maji, watu walikusanyika kumpigia kelele, naye akawachanganya askari wake katikati yao wakiwa wamevaa nguo za raia na wameficha marungu. Wengi walikufa siku hiyo, kwa kupigwa na kwa kukanyagana. Mtoto anayefundishwa kwamba kutotumia silaha hushinda kila mara amedanganywa sawa na yule aliyefundishwa kwamba upanga hushinda kila mara.

Kama ningepewa somo moja tu la kufundisha, ningechagua mazungumzo yaliyomo ndani ya Talmudi, katika sehemu iitwayo Shabbat. Walimu watatu wameketi, karne ya pili, mji mtakatifu umekwisha kulimwa na Warumi. Rabi Yehuda anasema: kazi za watu hawa ni nzuri ajabu, wametengeneza masoko, wametengeneza madaraja, wametengeneza mabafu. Rabi Yosi ananyamaza. Rabi Shimon bar Yochai anasema: vyote walivyotengeneza wamejitengenezea wenyewe, masoko wapate kuweka makahaba, mabafu wapate kujistarehesha, madaraja wapate kutoza ushuru. Maneno yakavuja mpaka serikalini. Aliyesifu akapandishwa cheo, aliyenyamaza akahamishwa, aliyelaumu akahukumiwa kufa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo zaidi hapa, maana mabishano juu ya reli ya Mjerumani na ya Mwingereza, kwamba ilijengwa kwa ajili yetu au kwa ajili ya kusombea mali zetu, tumeyasikia kwa wazee wetu wenyewe, na wapo walionyamaza pia.

Habari haiishii hapo. Shimon na mwanawe wakajificha pangoni miaka 12, wakila tunda la mkarubi na kunywa maji ya chemchemi, wakivua nguo na kujifukia mchangani mpaka shingoni wasome Torati bila kuzichakaza. Walipotoka wakaona watu wanalima na kupanda, wakakasirika: hawa wanaacha uzima wa milele wanashughulikia uzima wa kitambo! Kila walipotupa macho pakaungua. Sauti ikatoka mbinguni: mmetoka kuuharibu ulimwengu wangu? Rudini pangoni. Walikaa miezi 12 mingine. Alipotoka mara ya pili, mkwewe Pinhas ben Yair alimpeleka bafuni kumtunza ngozi iliyojaa nyufa za mchanga, na machozi ya Pinhas yakidondokea nyufa hizo yalimuuma Shimon. Yaani mtu aliyeyalaani mabafu ya Roma anatibiwa bafuni. Talmudi haisemi Shimon alikosea kuhusu Roma. Wala haisemi Yehuda alikuwa msaliti. Inawaacha wote wawili wakae katika ukurasa mmoja, pamoja na ukimya wa Yosi, na mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kubishana juu ya watu hao watatu kwa saa nzima bila kuchoka.

Wapo wanaosema: basi tuiache Masada, tufundishe Yavne, mji wa walimu, maana Yavne ndiyo iliyookoa Uyahudi. Hoja hii inapendwa na wasomi wengi, nami naiheshimu. Talmudi inasimulia kwamba wakati wa mzingiro wa Yerusalemu waasi walichoma maghala ya nafaka ili watu wasiwe na njia ila kupigana. Rabi Yohanan ben Zakkai akamwita Abba Sikra, kiongozi wa waasi hao, ambaye alikuwa mpwa wake, wakashauriana kwa siri. Akajifanya mgonjwa, kisha maiti, wanafunzi wake wakambeba wakatoka naye nje ya mji. Akafika mbele ya Vespasian na kumwomba: nipe Yavne na walimu wake. Hapo ndipo yalipoanza masomo yaliyoendelea bila Hekalu, bila kuhani, bila madhabahu. Ni kweli, Uyahudi tunaoujua leo umepita mlango huo. Lakini anayeitupa Masada kwa sababu ni hadithi akaishika Yavne kana kwamba ni kumbukumbu za mahakama hajatenda haki. Vespasian hakuwa ndiye aliyeuzingira mji mpaka ukaanguka. Kazi hiyo ilikuwa ya Titus. Halafu Talmudi yenyewe haimwachii Yohanan apite bila swali. Papo hapo inaleta sauti ya Rabi Yosef, wengine wanasema ni Rabi Akiva, inayomsomea mstari wa Isaya kuhusu wenye hekima wanaorudishwa nyuma: alipaswa kumwambia Kaisari auache mji safari hii. Mwingine anamtetea: labda alihofu kwamba akiomba kikubwa atakosa hata kidogo. Miaka mingi baada ya Hekalu kuungua bado walikuwa wanauliza kama mwalimu wao aliomba vizuri.

Wakati wa Bar Kokhba ikawa vilevile. Akiva alimwona kuwa mfalme Masihi, na Yohanan ben Torta akamjibu kwamba nyasi zitaota kwenye mashavu yako, Akiva, kabla mwana wa Daudi hajaja. Miaka ya 1960 na 1961 barua za Bar Kokhba zilipatikana pangoni karibu na Bahari ya Chumvi, na katika mojawapo anaagiza makuti ya mtende na malimau ya sikukuu ya Vibanda kwa ajili ya watu wake. Vita vimemkaba shingoni, naye anahangaikia sikukuu isipite bila makuti. Mtoto akiiona barua hiyo atamjua mtu huyu kuliko kwa moto wowote wa kambini.

Sasa nije kwenye pingamizi. Lenye nguvu kuliko yote ni la wazazi wanaosema mtoto huanza na ujasiri, ubishi atauelewa ukubwani. Ukimpa mashaka mapema utamlea mtu asiyesimamia chochote. Sina dharau kwa hoja hii, hasa ikitoka kwa watu ambao babu zao walisakwa. Ninachosema ni kwamba ujasiri haukai kileleni mwa Masada peke yake. Waliotoa shingo Kaisaria walikuwa jasiri. Yohanan ndani ya jeneza, wakati walinzi wanataka kulichoma mkuki kuhakikisha, alikuwa jasiri. Kikongwe wa mfereji alikuwa jasiri. Nikiongeza majina haya sipunguzi ushujaa, nauongeza.

Pingamizi la pili ni la hofu: tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, mwalimu akitaja Uyahudi wa kale darasani kila mtu anatega sikio kusikia yuko upande gani. Hofu hiyo naielewa, lakini kunyamaza kunawaachia uwanja wale ambao tayari wana hadithi moja na wanaipigia kelele. Kuna wanaoitumia Masada kuhalalisha kila la leo, na kuna wanaotaka Wayahudi wa kale wasiwepo kabisa katika nchi ile. Mtoto aliyewahi kukaa na Yehuda, Yosi na Shimon hatatekwa kirahisi na wote hao, kwa sababu amewaona Wayahudi kama watu wanaohitilafiana, wala hawezi tena kuwasikia wakisemwa kama mtu mmoja mwenye kichwa kimoja.

Pingamizi dhaifu kuliko yote ndilo lililoenea zaidi katika madarasa yetu ya Jumapili, wala halisemwi kama pingamizi. Linasemwa kama jibu. Hekalu lilibomolewa kwa sababu Wayahudi walimkataa Yesu, basi, somo limekwisha, tuimbe. Hili halisimami hata kwa kipimo cha Agano Jipya lenyewe. Yesu alisulubiwa kwa adhabu ya Kirumi, na liwali wa Kirumi aliandika shtaka juu ya msalaba kwa maneno ya kisiasa. Wanafunzi wake wote walikuwa Wayahudi chini ya Kaisari yuleyule, na kati yao alikuwamo Simoni aitwaye Zelote, jina lililohusishwa na waasi dhidi ya Roma, pamoja na Mathayo aliyeitwa akiwa ameketi forodhani. Majibu mawili kwa dola, meza moja. Ukisoma Yohana sura ya 11 ukiwa na Roma akilini, Kayafa anakuwa kiongozi aliyekabwa anayehofu kwamba Warumi watakuja kuliondoa taifa, na mtoto anaweza kumhukumu akiwa amemwelewa kwanza. Ni kweli Talmudi nayo inauliza mji uliharibiwa kwa dhambi gani, na inajibu: kwa chuki ya bure. Lakini hayo ni maneno ya watu wanaojichunguza wenyewe. Yakichukuliwa na jirani akawatupia, yanageuka kuwa mawe, na historia ya Ulaya inaonyesha mawe hayo yaliua wangapi.

Kuna neno moja linalonisumbua hapa. Katika Kiswahili cha kanisani tukimwita mtu Mfarisayo tunamaanisha mnafiki, na watoto wanalichukua hivyo kabla hawajajua Farisayo alikuwa nani. Hawaambiwi kwamba walimu wa Yavne walikuwa kwa kiasi kikubwa warithi wa Mafarisayo. Hawaambiwi kwamba siku moja Yohanan ben Zakkai alipita na mwanafunzi wake Yoshua penye magofu ya Hekalu, Yoshua akalia kwamba mahali pa upatanisho pamebomolewa, na Yohanan akamjibu kwamba tunao upatanisho mwingine ulio sawa na huo, matendo ya fadhili, kisha akamnukulia Hosea: nataka fadhili wala si sadaka. Katika Mathayo sura ya 9 Yesu anawaambia Mafarisayo waende wakajifunze maana ya maneno hayohayo. Mstari mmoja wa nabii mmoja, vinywani mwa walimu wawili wa Kiyahudi waliozaliwa chini ya Roma. Nimewahi kuiandika mistari hiyo miwili ubaoni, mmoja chini ya mwingine, nikawaachia watoto waisome. Darasa lilitulia kuliko nilivyozoea.

Kwa hiyo naomba wanaoandaa masomo ya watoto, wa makanisani na wa shuleni, wabadilishe mpangilio. Wadogo waanze na Kaisaria na mashamba ya Petronius. Wa miaka kumi na zaidi wapewe masoko, madaraja na mabafu, wagawanywe makundi matatu, na kundi la Yosi lieleze kwa nini linanyamaza. Masada isubiri wakubwa, kwa kuwa habari ya baba kuua wanawe si ya kumsimulia mtoto wa miaka saba hata ikipambwa namna gani, na inapofika ije pamoja na Ein Gedi na wale watano wa mfereji. Wanaodhani watoto hawawezi kubeba maswali yasiyo na jibu moja wakumbuke kwamba Wayahudi, baada ya Hekalu kuungua, waliipanga meza ya Pasaka kuanzia kwenye maswali ya mtoto. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi ulio msingi wa Talmudi, inaagiza kwamba mtoto akiwa hajui kuuliza, baba amfundishe kuuliza.

Na wafundishwe namna Yohanan alivyokufa. Talmudi inasema wanafunzi walimkuta analia kitandani, wakamuuliza, taa ya Israeli, unalilia nini? Akasema mbele yangu ziko njia mbili, ya Edeni na ya Jehanamu, wala sijui napelekwa ipi. Mtu aliyeokoa kilichookoka hakuwa na hakika. Mwishoni aliwaagiza waondoe vyombo nyumbani visitiwe unajisi na maiti, na waweke kiti kwa ajili ya Hezekia mfalme wa Yuda, anayekuja. Hezekia ndiye mfalme aliyezingirwa Yerusalemu na jeshi la Ashuru, na hakuwafungulia malango.